Maji ya kwenye kifuniko

Ndani ya Biblia ya zipu ya mama mkwe wangu, kwenye kile kimfuko ambacho wengine huwekea kalamu na bahasha za ahadi, kuna kifuniko cha chupa ya maji. Cha buluu, cha chupa ya nusu lita. Karibu miezi minne tulikaa naye nyumba moja hapa Kimara, kila alfajiri akifungua Biblia nakiona, na sikuwahi kuuliza. Nilidhani ni yale mambo ya wazee ya kutotupa kitu. Huyu ni mama ambaye kopo la siagi kwake halifi: siagi ikiisha linakuwa la chumvi, likipasuka linaoteshewa vitunguu.

Siku aliyoniambia kifuniko kile ni cha nini, sikumsemesha mpaka kesho yake jioni.

Ndiyo maana mkiniuliza, "Mama Huruma, mtoto mmembatiza au mmembariki?" huwa nacheka na kubadilisha maneno. Jibu lake ni refu. Leo Huruma kalala mapema na umeme upo, ngoja nijaribu.

Mimi ni Mjita wa Mugango, kule Musoma Vijijini, na ni Mmennonite wa kuzaliwa. Hapo hapo nimeshakosea, maana kwetu hakuna Mmennonite wa kuzaliwa, na ugomvi wote umeanzia kwenye neno hilo. Kwetu mtoto akishatimiza arobaini na mama yake akapata nguvu, anapelekwa kanisani Jumapili. Mchungaji anampokea mikononi, anasoma habari za Hana na Samweli au zile za Yesu na watoto katika Marko sura ya 10, anawauliza wazazi kama watamlea katika njia ya Bwana, anawauliza na washarika kama watasaidia, anaweka mkono, anaomba, anamrudisha kwa mama yake. Basi. Maji hayaguswi. Maji yanamsubiri mpaka akue, aingie darasa la ubatizo, aseme kwa kinywa chake.

Mimi niliingia ziwani nikiwa na miaka 14. Nakumbuka maji yalikuwa ya baridi kuliko nilivyotegemea, kitambaa changu cha kichwa kilinitoka na kuelea kikaenda zake, na nilipoibuka kitu cha kwanza kukiona kilikuwa baba yangu kasimama ufukoni kashika ndala zangu, moja kila mkono. Nimezisahau siku nyingi za maisha yangu. Ile sijaisahau.

Mume wangu ni Mmachame na Mlutheri, kama ilivyo kwa Wamachame wengi. Yeye alibatizwa akiwa na wiki tano. Cheti chake cha ubatizo kimo kwenye bahasha ya kaki pamoja na vyeti vya shule, kimeliwa na mende pembeni. Tulipokuwa wachumba nilimuuliza, "Sasa wewe unakumbuka nini?" Akasema, "Sikumbuki kitu. Sikumbuki pia siku mama aliyoanza kuninyonyesha." Nikaona huyu kijana anajua kujibu, na ndiyo nikazidi kumpenda, lakini sikukubali.

Tulipotaka kufunga ndoa, usharika wake haukunisumbua. Waliuliza nimebatizwa wapi, kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu? Ndiyo. Basi, pita. Upande wa kwetu mambo hayakwenda hivyo. Katika kanisa moja, silitaji, siku ya Meza ya Bwana mzee mmoja alimfuata mume wangu kwa upole kabisa akamwambia ingefaa kwanza aingie darasa la ubatizo. Mume wangu hakubisha. Alitoka akaenda kukaa chini ya mwembe mpaka ibada ikaisha. Njiani akaniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo kwenu mimi bado mpagani?"

Hapo ndipo penye mwiba, na watu wengi wanaojadili jambo hili wanaupita. Makanisa yanayobatiza watoto wachanga, yaani Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana, Wamoraviani, yanautambua ubatizo wa mtu mzima bila shida. Yanayobatiza waamini peke yao, mara nyingi hayautambui ule wa uchangani. Kwa hiyo sisi tunaposema "tunambatiza," wao wanasikia "mnambatiza tena," na kwao kubatiza tena ni kumwambia Mungu kwamba mara ya kwanza hakuwepo. Ninaposikia Mpentekoste au Mbatisti, au Mmennonite mwenzangu, akisema "si tunaomba tu awe mtii," najua hajawahi kumwona mtu wake amekaa chini ya mwembe.

Usiku ule nilimsimulia mume wangu tulikotoka, maana niliona bora ajue kwa nini ndugu zangu ni wagumu hivi.

Januari 1525, mji wa Zürich, Uswisi. Kijana mmoja msomi, Conrad Grebel, alikuwa na binti mchanga wa wiki mbili hivi na alikuwa amekataa kumpeleka kubatizwa. Baraza la mji likatoa amri: mzazi mwenye mtoto ambaye hajabatizwa ambatize ndani ya siku nane, asipofanya hivyo ahame. Tarehe 21 mwezi ule, usiku, wale waliokataa wakakutana katika nyumba ya akina Felix Manz. Grebel akambatiza George Blaurock, kisha Blaurock akawabatiza wengine. Ndiyo mwanzo wetu. Wapinzani wakawaita Waanabaptisti, yaani wenye kubatiza mara ya pili. Jina la Wamennonite lilikuja baadaye, kutokana na Menno Simons, padri wa Uholanzi aliyeuacha upadri mwaka 1536. Hivyo kanisa la watu wazima waliojiamulia lilianza kwa sababu ya kitoto cha wiki mbili. Hilo huwa linanichekesha kidogo.

Lisilochekesha ni lililofuata. Tarehe 5 Januari 1527 Felix Manz alifungwa mikono, ikapitishwa magotini na kukazwa kwa fimbo, akatoswa katika mto Limmat. Alitaka maji, wakampa maji. Waliomtosa nao walikuwa watu wa matengenezo ya kanisa, waliosoma Biblia ile ile. Mwaka 1530 wenzake Luther walipoandika Ungamo la Augsburg, wakatutaja kwa jina katika kifungu cha 9, kile cha ubatizo: wanawalaani Waanabaptisti wanaoukataa ubatizo wa watoto. Ungamo hilo ndilo msingi wa Walutheri mpaka leo, na mchungaji wa Kilutheri huwekwa wakfu akiahidi kulifuata.

"Kwa hiyo," nikamwambia, "kwenu mimi nimelaaniwa kwa maandishi."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Basi tumetoka suluhu."

Nami nikamwongezea sehemu ninayoipenda. Julai 2010 Fungamano la Walutheri Duniani lilikutana Stuttgart, Ujerumani, likawaomba msamaha Wamennonite kwa mateso yale. Aliyesimama kupokea kwa niaba yetu alikuwa Mwafrika, Danisa Ndlovu wa Zimbabwe. Na Wamennonite hawakwenda mikono mitupu. Waliwapelekea Walutheri beseni la mbao la kuoshea miguu. Mtu wa kwetu akisikia hivyo anaelewa mara moja bila kuelezwa, maana tunaoshana miguu kanisani, na mimi nimemwosha shangazi yangu miguu wakati tulikuwa hatusemezani. Ukishika kisigino cha mtu, ugomvi unakosa pa kusimama.

Wamisionari wa Kimennonite kutoka Marekani walifika Shirati mwaka 1934. Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, walikuwa Machame, Kilimanjaro, tangu 1893. Ugomvi wa Zürich na Augsburg ulipanda meli mbili tofauti, ukashuka mmoja ziwani na mwingine mlimani, ukaja kukutana Kimara kwenye chumba changu cha kulala.

Nikapata mimba. Mama mkwe akapiga simu kwamba ameshanunua gauni la ubatizo, jeupe, na kofia ya kufuma. Mpango wake ulikuwa Desemba, maana Desemba Wachaga wote wanarudi nyumbani na ubatizo wenye heshima ni ule ambao ukoo mzima upo. Mimi kimoyomoyo nikapanga Pasaka, Mugango, mkono wa mchungaji na maombi. Kila mmoja akanyamaza na mpango wake. Mume wangu akajifanya hajui lolote.

Mtoto hakusubiri mpango wa mtu. Wiki ya 31, Agosti, presha ikapanda, wakasema ni kifafa cha mimba, nikaingizwa chumba cha upasuaji. Siku mbili zilizofuata sina habari nazo. Nilipozinduka mume wangu alikuwa pembeni, macho mekundu, akaniambia mtoto yupo, wa kiume, ni njiti, kilo moja na robo, na kwamba Mama amependekeza jina, Elihuruma. Nikasema ni zuri. Nilikuwa sina nguvu ya kusema zaidi, lakini kwa kweli lilikuwa zuri.

Wiki tano nilikaa na Huruma kwenye wodi ya njiti. Aliyepita pale anajua. Unakamua maziwa kwenye kikombe, nesi anayavuta kwa sindano, mililita mbili, anayapitisha kwenye mpira wa puani. Baadaye wanakufungia kifuani ngozi kwa ngozi, wanaita kangaruu, na unakaa hivyo mchana na usiku unahesabu pumzi za mtu mwingine. Hakujua kunyonya. Kunyonya, kitu ambacho hata kitoto cha paka hakifundishwi, yeye alikuwa bado.

Pale ndipo nilipoielewa hoja ya Walutheri, na sikuielewa kwa kitabu. Wao wanasema ubatizo ni kazi ya Mungu. Mtoto hafanyi kitu, anapokea tu, na hata mtu mzima pale majini anapokea tu, hata kama amejisomea darasa mwaka mzima. Nilimtazama Huruma na mpira wake wa puani nikafikiri, huyu kila alicho nacho amepewa, hajaomba hata kimoja. Kama neema ni hivi, basi nawaelewa. Lakini nilifikiri na jambo la pili, na hilo nalo sijaliacha: kama kweli ni wa Mungu namna hii, mikononi mwake bila kuomba, basi hakuwa akingoja maji. Yesu alipowakumbatia wale watoto akasema "watoto kama hawa ufalme wa Mungu ni wao," hakuna aliyekwenda kuteka maji. Andiko lile lile wao hulisoma kwenye ubatizo, sisi kwenye kubariki. Kila mtu analivuta upande wake kama shuka la wageni.

Desemba ikakaribia. Huruma kafika kilo nne, ana mashavu. Nikaona nisipoongea sasa nitajikuta Machame na gauni jeupe mikononi. Jioni moja tumemaliza kula, nikakusanya ujasiri: "Mama, naomba tuelewane. Nyumbani tutakwenda, lakini mtoto hatutambatiza. Tutambariki Mugango Pasaka. Akikua ataamua mwenyewe."

Mama mkwe akanitazama muda mrefu. Akavuta Biblia yake, akafungua zipu, akakiweka kile kifuniko mezani katikati ya sahani.

"Mwanangu," akasema, "huyu ameshabatizwa."

Siku ile ya pili ya mimi kutojitambua, daktari alitoka akawaambia waombe. Mume wangu alikuwa amekwenda kutafuta watu wa kunitolea damu. Nesi akamwambia, Bibi, ingia umwone, lakini usikae. Akaingia na chupa yake ya maji ya kunywa. "Nikaona nikimimina kutoka kwenye chupa yatamwagika mengi. Kichwa chenyewe kama ndimu. Nikaweka kwenye kifuniko. Nikachovya vidole, mara tatu. Jina mlikuwa hamjampa, nikasema Elihuruma." Akanyamaza, kisha akaongeza kwa sauti ya mtu anayeripoti jambo la ofisini: "Nilifundishwa kwenye kipaimara. Kama mchungaji hayupo na mtoto anakwenda, Mkristo yeyote anaweza."

Kwa hiyo na jina nalo lilitoka kwenye kifuniko.

Niliondoka mezani. Sitajipamba hapa: nilihisi nimeibiwa. Nilikuwa nimelala na mipira mwilini, na mtu akaingia akafanya kwa mwanangu jambo ambalo mababu wa imani yangu walikubali kutoswa mtoni kuliko kulifanya. Na hakuniambia miezi minne. Mume wangu naye alikuwa anajua, maana aliambiwa siku ile ile. Kesi yake tuliimaliza kivyake na si ya kuandikwa hapa.

Kwa hasira nikaanza kusoma, kama wakili anayetafuta kesi ya kushinda. Sikuipata. Katika Agano Jipya hakuna mahali panapoonyesha wazi kitoto kikibatizwa. Nikafurahi. Lakini hakuna pia mahali panapoonyesha mtoto wa wazazi Wakristo akilelewa, akakua, ndipo akabatizwa. Furaha ikapungua. Yupo mlinzi wa gereza wa Filipi aliyebatizwa "yeye na watu wake wote," yupo Lidia na nyumba yake, na kila mtu anajaza nyumba hizo kwa watoto au anawatoa kadiri anavyotaka. Petro anasema ahadi ni "kwa ajili yenu, na kwa watoto wenu," na Marko anaandika "aaminiye na kubatizwa," kwa mpangilio huo. Mnamo mwaka 200 Tertulliano, mwandishi Mkristo wa Carthage, Afrika Kaskazini, alishauri watoto wasiharakishwe kubatizwa. Nikampigia mstari. Baadaye nikajiuliza, mtu hukataza jambo ambalo halifanyiki? Nusu karne baadaye, mji ule ule, askofu Cyprian na maaskofu 66 wakasema mtoto asingojewe hata siku nane ndipo abatizwe.

Aliyenimaliza ni Agostino, ambaye ndiye mtetezi mkubwa wa ubatizo wa watoto. Yeye mwenyewe hakubatizwa uchangani! Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo wa kweli kweli, akachelewesha. Agostino akiwa mtoto aliugua tumbo karibu afe, akaomba abatizwe, maandalizi yakaanza, akapona, wakaahirisha. Alikuja kubatizwa Milano, Pasaka ya 387, mtu wa miaka 32. Nilipofika hapo nikafunga kompyuta. Nikamwona Monika yuko kitandani pa mwanawe kama mama mkwe wangu, ila yeye hakuwa na haraka ya kifuniko.

Na upande wetu wa kubariki nao tusijidanganye. Hana tunayemsoma kila siku hakumbariki Samweli akarudi naye nyumbani kula pilau, alimwacha hekaluni. Sijawahi kuona mzazi anamwachia mchungaji mtoto. Yesu mwenyewe alipopelekwa Yerusalemu na sadaka ya ndege wawili, alikuwa ameshatahiriwa siku ya nane, na hakuna aliyemuuliza. Tena siku hizi hapa Dar kubariki mtoto kuna kamati, kuna sare, kuna keki ya ghorofa na MC. Tumekataa maji tukaleta bajeti.

Siku ya pili jioni nilimkuta mama mkwe jikoni anamenya ndizi za mtori. Nikashika kisu kingine. Tulimenya nusu mkungu kimya. Kisha akaanza bila mimi kuuliza. Kabla ya mume wangu alizaa mtoto mwingine, wa kike, mwaka 1981. Aliishi siku tatu. Walikuwa wakingoja mvua ipungue wampeleke kanisani. Walimzika pembeni ya migomba. "Hakuna aliyenisema vibaya," akasema. "Mchungaji alikuja akaomba. Lakini mimi kila nikipita pale nilijiuliza, yule nilimpeleka kwa nani?" Miaka yote hiyo. Kisu hakikusimama hata mara moja wakati anasema.

Ikawa zamu yangu kumwambia kitu ambacho yeye, Mlutheri wa mlima, hakuwa amekisikia, na mimi nilikuwa nimekiokota kwenye kusoma kwangu kwa hasira. Mwaka 1542 Luther aliandika maneno machache ya kuwafariji akina mama ambao watoto wao walikufa kabla ya kubatizwa. Aliwaambia wasijilaumu, na kwamba Mungu anazisikia kilio na tamaa ya moyo wa mama aliyetaka kumleta mtoto wake ubatizoni, hata kama hakutamka neno. Nikamwambia na Wakatoliki, waliokuwa na mafundisho ya zamani ya limbo, yaani mahali pa watoto waliokufa bila ubatizo, mwaka 2007 tume yao ya wanateolojia ilitoa andiko likisema ipo sababu ya kuwatumainia watoto hao.

Akauliza, "Luther mwenyewe?"

"Luther mwenyewe, Mama."

Akaendelea kumenya. Baadaye kidogo akasema, "Mbona hawakutuambia," lakini hakuwa ananiambia mimi.

Desemba tulikwenda Machame. Kanisa limejaa, tarumbeta zinapigwa mpaka Huruma analia. Mchungaji alituita mbele. Hakubatiza. Alimsimamisha bibi akamuuliza mbele ya wote: "Ulitumia nini?" Maji. "Ulisema nini?" Na mama mkwe, aliyejitanda khanga mpya na kusimama kama askari, akayarudia: "Elihuruma, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Mchungaji akasema ubatizo huu ni halali, hautarudiwa. Kitabuni tarehe iliyoandikwa ni ya Agosti. Kisha akatuuliza sisi wazazi maswali: tutamwombea, tutamfundisha, tutampa Neno la Mungu? Nilikuwa nimejiandaa kukaa kimya kwenye jambo nisiloliamini. Nikakosa pa kukaa kimya. Maswali ni yale yale ya Mugango, karibu neno kwa neno. Baada ya ibada ukaja mnada wa sadaka, mume wangu akanunua jogoo kwa bei ya mbuzi.

Nilichokiona siku ile ni kwamba kwao maji yanatangulia na jibu linafuata. Mtoto akifika miaka 13 au 14 anaingia mafundisho ya kipaimara, anasimama mbele ya usharika anajibu kwa kinywa chake. Umri ni ule ule niliouingilia ziwani. Kwetu jibu linatangulia na maji yanafuata. Kote kote kuna mzazi anayeahidi mtoto akiwa hajui, na kijana anayejibu akiwa anajua. Lakini sitaki kusema kwa hiyo ni kitu kimoja. Ukiuliza nani anayetenda pale majini, Mungu au mtu anayejibu, tunatengana, na mimi bado nimesimama nilipobatiziwa. Ningependa mwanangu naye awe na siku yake ya kukumbuka. Nimeamua mambo mawili tu: sitamwambia kamwe kwamba maji ya bibi yake hayakuwa kitu, na akifika umri akaomba ziwa, sitamzuia. Hilo la pili Baba Huruma haliafiki hata kidogo. Tumeliweka kiporo. Miaka 13 ni mingi.

Pasaka tukaenda Mugango. Mama mkwe akasema anakuja. Dar mpaka Musoma kwa basi ni siku nzima na kipande cha usiku, na umri wake si wa safari hizo, lakini alikaa kwenye kiti akiwa na lile gauni jeupe kwenye mfuko, ingawa mabega ya Huruma yalikuwa yameshaanza kugoma kuingia. Kanisani alikaa benchi la mbele na baba yangu. Mchungaji akamnyanyua Huruma, Huruma akamvua miwani. Akaomba, akatuuliza sisi, kisha akawaomba washarika wasimame: mtasaidia kumlea mtoto huyu? Watu wakaitikia "Amina." Ndani ya ile Amina ikasikika sauti moja imechelewa, ya Kilutheri kabisa: "Ndiyo, kwa msaada wa Mungu." Kanisa zima likageuka. Baba yangu akamtazama, akakohoa, na yeye akasema hivyo hivyo.

Jioni baba alimpeleka mama mkwe ziwani kumwonyesha nilipobatiziwa. Nikawafuata na mtoto mgongoni. Mama mkwe akavua viatu, akaingia mpaka maji yakafika kwenye vifundo vya miguu, akasimama pale ameinua khanga.

"Aliingia mpaka wapi?"

Baba akaonyesha kifuani.

"Na mamba?"

"Zamani walikuwepo. Siku hizi mara moja moja."

Akatazama maji, akamtazama Huruma, akatoka akafuta miguu taratibu. "Siku akitaka kuingia humu mimi nitakuwa nimeshakufa," akamwambia baba yangu. "Wewe uangalie mamba."